Kabla Hujashika Mimba: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Mimba Kuharibika

Swali ninaloulizwa kuliko yote huwa linafika likiwa limechelewa. Mwanamke amekaa kitandani wodini, khanga kaifunga kiunoni, mimba ya wiki 9 imemtoka usiku, na anataka kujua: "Nesi, nimekosea wapi?" Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hajakosea popote. Lakini yapo mambo ambayo, kama tungekutana miezi mitatu kabla, tungeyashughulikia pamoja. Kliniki zetu zimezoea kumpokea mama akiwa tayari na mimba, na wengi huja mwezi wa nne au wa tano, wakati mimba nyingi zinazoharibika huharibika kabla ya wiki ya 12. Kadi tunayomwandikia siku ile ya kwanza tayari imepitwa na kipindi cha hatari kubwa zaidi.

Haya ni maswali ya wanawake na wanaume waliokuja kabla, au waliopoteza mimba moja na wanafikiria nyingine. Nimeyaandika jinsi wanavyoyauliza.

Mimba kuharibika ni nini hasa, na hutokea kwa wangapi?

Tanzania na Kenya tunahesabu mimba iliyotoka kabla ya kutimiza wiki 28. Uingereza wanaishia wiki 24, Marekani 20, maana wao wana vifaa vya kumlea mtoto aliyezaliwa mdogo zaidi. Tofauti hiyo ni ya makaratasi. Uchungu ni uleule. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makadirio ya dunia nzima: katika kila mimba 100 zilizogundulika, takriban 15 huharibika, yaani karibu milioni 23 kwa mwaka. Ni mimba moja katika kila saba hivi. Kwenye benchi lolote la kliniki wapo waliopitia hili, na wengi hawajamwambia mtu.

Karibu nusu ya zile zinazotoka mapema zinatokana na kasoro ya kromosomu: yai na mbegu vilipoungana, hesabu ya vinasaba haikukaa sawa. Hapo hakuna chakula ulichokula wala ngazi uliyopanda iliyoleta jambo hilo.

Basi sehemu inayoweza kuzuilika ni kubwa kiasi gani?

Watafiti wa Denmark walichambua mimba 91,427 za kati ya mwaka 1996 na 2002, wakatoa matokeo mwaka 2014. Walikadiria kwamba kama mambo yote yanayobadilika yangeshushwa hadi kiwango cha hatari ndogo, karibu robo ya mimba zilizoharibika zingepona. Kwa upande wa kabla ya mimba waliona umri, wembamba uliopitiliza na unene. Kwa upande wa ndani ya mimba waliona pombe, kubeba zaidi ya kilo 20 kwa siku na kazi za usiku.

Zingatia kwamba hiyo ni Denmark. Malaria hawana. Sisi tunayo, na tuna kaswende, na tuna upungufu wa damu, kwa hiyo naamini kazi iliyo mbele yetu ni kubwa kuliko yao, na faida yake pia.

Lakini nakuomba usiisome hiyo robo kama hukumu. Ni hesabu ya watu maelfu. Haiwezi kukwambia mimba yako wewe ilitoka kwa sababu gani.

Nina miaka 38. Je, nimeshachelewa?

Hujachelewa, ila umri una uzito wake na sitakuficha. Takwimu za Norway zilizotoka mwaka 2019 zilionyesha kwamba kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29, mimba 10 hivi katika 100 huharibika. Kwa waliofika 45 na kuendelea, zaidi ya nusu. Kati ya hapo hatari hupanda taratibu, kisha inashika kasi baada ya 35. Mayai yetu tunazaliwa nayo, tunazeeka nayo. Umri wa baba nao huhesabika, hasa akishavuka 40.

Mwanamke wa miaka 38 akija, simwambii habari za miaka iliyopita. Namwambia tusipoteze miezi: vipimo wiki hii, vidonge leo, na kama miezi sita inapita bila kushika mimba, aende kwa daktari wa wanawake, asisubiri mwaka mzima.

Kwa nini kila mara unasema "miezi mitatu kabla"?

Kwa sababu mbegu ya kiume huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa. Mbegu itakayotunga mimba mwezi wa Desemba inaanza kuumbwa mwezi wa Septemba, na inachukua hali ya mwili wa baba wa Septemba. Kwa mama, damu iliyopungua haijai kwa wiki moja, sukari haishuki kwa siku mbili, uzito ndiyo kabisa. Tena uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hiyo mama anakuwa amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu, na wengi wanadhani ni uchovu au malaria.

Vidonge vya fefo, vile vya chuma na foliki, vinazuia mimba kutoka?

Hapa nataka niwe mkweli, maana vinasifiwa kuliko vinavyostahili na papo hapo havitumiki inavyostahili. Tafiti zilizokusanywa pamoja hazijaonyesha kwamba vidonge vya vitamini peke yake vinazuia mimba kuharibika. Kinachofanywa na asidi ya foliki, tena kwa uhakika, ni kumkinga mtoto na mgongo wazi na kasoro za ubongo. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 1991, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, ulionyesha hatari inapungua kwa asilimia 72. Lakini faida hiyo unaipata ukianza kabla. Anayeanza fefo mwezi wa tano amefuata madini ya chuma tu. Mlango wa foliki ulishafungwa zamani.

Kwa hiyo: mikrogramu 400 za foliki kila siku, angalau mwezi mmoja kabla, bora mitatu. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, na wanaotumia dawa za kifafa, wanahitaji dozi kubwa ya miligramu 5, na hiyo waandikiwe na daktari. Matembele, mchicha, maharage na kunde endelea navyo kwa moyo wote, ila visichukue nafasi ya kidonge.

Uzito una uhusiano gani na mimba kutoka?

Pande zote mbili zina shida, na hili watu hawalipendi. Mwanamke mmoja aliniambia, "Nesi, mimi si mnene, nimejaaliwa." Nilimwelewa. Kwetu mwili ni ushahidi kwamba mtu anatunzwa. Tulikwenda kwenye mzani: kilo 82. Tukapima urefu ukutani: mita 1.58. Unazidisha urefu kwa urefu, 1.58 mara 1.58, unapata karibu 2.5; kisha unagawa kilo 82 kwa hiyo, unapata karibu 33. Kuanzia 25 tunasema uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wenye hatari, na hatari hiyo inahusu pia mimba kuharibika, kisukari cha mimba na presha.

Sikumwambia arudi kwenye uzito wa usichana wake. Kupunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito kunatosha kubadili mengi: kwake ni kilo 4 hadi 8. Aliacha soda ya mchana, chapati akazihamishia Jumapili, na jioni akawa anatembea kwenda kumchukua mtoto madrasa badala ya kutuma bodaboda. Ilimchukua miezi mitano. Usijinyime chakula kwa ghafla ukiwa unatafuta mimba, na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni usiziguse.

Upande wa pili: mwenye mita 1.60 na kilo 43 anapata karibu 17. Chini ya 18.5 mwili hauna akiba. Huyo anahitaji kula zaidi, karanga, mayai, dagaa, parachichi, uji wa lishe, na anahitaji kupimwa. Wembamba wakati mwingine ni kifua kikuu, minyoo, au tezi ya shingo.

Pombe kidogo tu, mwisho wa wiki, ina shida?

Tafiti zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2020 zilikuta kwamba kila kinywaji kimoja kinachoongezeka kwa wiki wakati wa mimba kinaongeza hatari ya mimba kuharibika kwa asilimia 6 hivi. Viwili, asilimia 12 na zaidi. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Shida ya pombe ni muda. Mwanamke hajui ana mimba mpaka wiki ya tano au ya sita, na wiki hizo ndizo anazoendelea kunywa kwa nia njema kabisa, arusini, kwenye ngoma, kwenye kikao cha vikoba. Nashauri hivi: siku unayoacha njia ya uzazi wa mpango, acha na pombe siku hiyohiyo. Ninaposema pombe nina maana ya bia, divai, mbege, ulanzi, mnazi, busaa, vyote. Gongo na chang'aa ni hatari ya peke yake. Nguvu yake haijapimwa na mtu, na inaweza kuwa na sumu inayopofusha.

Na sigara, ugoro, shisha, mirungi?

Acha vyote. Sigara hatari yake hupanda kwa kila sigara unayoongeza kwa siku, na moshi wa mume anayevutia chumbani nao unakufikia. Ugoro hauna moshi, lakini nikotini ni ileile. Mkaa wa shisha unatoa hewa ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ukishindwa kuacha peke yako njoo tusaidiane. Nikotini ni mzigo mzito na sitakucheka.

Kahawa nayo?

Vikombe vidogo vya kahawa chungu viwili barazani sina ugomvi navyo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaopata zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Wasiwasi wangu uko kwenye makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, ambayo vijana wanakunywa matatu kwa siku kama maji.

Mume wangu anahusikaje? Mimba inatoka kwangu.

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu anayeuliza mara nyingi amekuja peke yake.

Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia wenza wa majimbo ya Michigan na Texas tangu kabla hawajashika mimba, ukachapishwa mwaka 2016. Kati ya mimba 344, karibu 28 katika kila 100 ziliharibika. Wanawake waliokunywa zaidi ya vinywaji viwili vyenye kafeini kwa siku kabla ya mimba walipoteza zaidi. Na waume waliokunywa kiasi hicho, kabla ya mimba, hatari ya wake zao ilikuwa karibu sawasawa na hiyo. Mwanamume hakubeba mimba hata siku moja, lakini alama yake ilionekana. Tumbaku ni hivyohivyo, kwa sababu inaharibu vinasaba ndani ya mbegu.

Kwetu mimba ikitoka, macho yote yanamgeukia mke. Nakumbuka wenza fulani. Mke alikuwa amepoteza mimba mbili, zote zimefika karibu wiki 20. Alikuja na mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyekuwa anajibu maswali. Nikauliza, "Baba yuko wapi?" Yuko nje, kwenye pikipiki. Nikatoka mwenyewe kumwita. "Shikamoo nesi," akasema, na akaingia amevaa helmeti bado. Nikamchoma kidole yeye kwanza, kisha mke, tone moja la damu kwa kila kipimo, tukakaa. Baada ya dakika 15 hivi mistari miwili ilikuwa imetokea kwenye vipimo vyote viwili. Kaswende.

Mama mkwe akanyamaza. Nikampa yule kijana kiti, kwa sababu miguu ilikuwa inamtetemeka.

Kaswende isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za mimba kutoka ikiwa kubwa na za watoto kuzaliwa wamekufa, na dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: sindano ya penisilini. Ya karibuni inatibiwa kwa dozi moja. Iliyokaa muda mrefu au isiyojulikana ilianza lini, sindano moja kila wiki kwa wiki tatu. Ila wote wawili watibiwe. Akitibiwa mke peke yake, anaweza kuambukizwa tena usiku uleule anaorudi nyumbani. Kipimo hiki tunampa kila mjamzito kliniki. Kinachoniuma ni kwamba kingeweza kufanyika kabla, kwa dakika zilezile 15.

Malaria inaweza kutoa mimba hata kama sijisikii kuumwa?

Ndiyo. Katika eneo la mpakani mwa Thailand na Myanmar, wanawake waliokuwa na malaria miezi mitatu ya kwanza bila dalili yoyote walikuwa na hatari karibu mara tatu ya mimba kuharibika, na wenye dalili karibu mara nne. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2012.

Dawa ya kinga tunayowapa wajawazito, SP, haitolewi mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite. Maana yake kipindi kile cha hatari kubwa una chandarua tu. Na chandarua wengi wanapewa siku ya kwanza ya kliniki, mwezi wa nne! Kinunue au kitafute sasa, kiwe chenye dawa, kichomeke chini ya godoro, mlale chini yake wote wawili. Ukipata homa, pima kwanza. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu dawa ya mseto ya malaria, artemether-lumefantrine, itumike hata miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo usiogope matibabu. Ogopa malaria isiyotibiwa.

Nina kisukari. Je, nikae bila kuzaa?

Hapana. Ila sukari ishuke kwanza. Kuna kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinaitwa HbA1c. Lengo ni kuwa chini ya asilimia 6.5 kabla ya kutafuta mimba, kama linafikika bila sukari kushuka kupita kiasi. Ikiwa juu ya 10, tunakushauri utumie uzazi wa mpango kwanza, kwa sababu hapo hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuwa na kasoro ni kubwa mno. Mwenye presha aonane na daktari mapema pia. Baadhi ya vidonge vya presha hubadilishwa kabla ya mimba.

Tezi ya shingo haisemwi vya kutosha. Mwenye rovu, au anayechoka sana, ananenepa bila kula, nywele zinakatika na hedhi imevurugika, aombe kipimo cha homoni za tezi. Jikoni, tumia chumvi yenye madini joto, uihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, uitie chakula kikikaribia kuiva.

Anayeishi na VVU aendelee na dawa na asubiri virusi visionekane kwenye kipimo. Mwenye selimundu apange na daktari wake, na mwenza wake apimwe.

Damu yangu huwa 9. Nikila udongo najisikia vizuri.

Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka damu isipungue 12. Ukianza mimba na 9, unaingia safarini tangi likiwa robo. Hamu ya kula udongo, iwe pemba ya sokoni au odowa ya Kenya, mara nyingi ni dalili kwamba madini ya chuma yamepungua, na udongo wenyewe unazuia chuma kufyonzwa tumboni. Mduara huo unajikaza. Baadhi ya udongo unaouzwa una risasi, madini yenye sumu kwa mimba. Pima damu, tibu minyoo, meza vidonge vya chuma, na usivimeze na chai. Meza na maji ya limau au chungwa. Hedhi yako ikiwa nzito ya kubadilisha pedi kila saa, sema, huenda kuna uvimbe kwenye kizazi.

Tunafuga. Maziwa mabichi yana neno?

Yana. Mfugaji anajua ng'ombe na mbuzi wanapotupa mimba mfululizo kuna ugonjwa zizini. Ugonjwa huo wa kutupa mimba hupita kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika kondo la mnyama kwa mikono mitupu, na umehusishwa na mimba kuharibika kwa wanawake. Chemsha mpaka yafurike. Mbuzi akizaa, mwachie mwingine, au vaa glavu.

Chanjo ipi niipate kabla?

Ya rubella, ugonjwa wa vipele unaofanana na surua, kama hukuipata. Tanzania ilianza chanjo ya surua na rubella mwaka 2014 kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, kwa hiyo wengi waliokuwa wamevuka umri huo wakati ule hawana kinga ya chanjo. Rubella kwa mama mwenye mimba changa inaweza kuitoa au kumwacha mtoto kiziwi na mwenye tatizo la moyo. Ukichanjwa, subiri mwezi mmoja ndipo utafute mimba.

Nimeambiwa nisafishe kizazi kwanza kwa dawa za asili. Nifanye?

Usifanye. Nasema hivi nikiwa nimekaa na wanawake waliokuja na homa na usaha baada ya hizo dawa.

Kizazi kinajisafisha chenyewe kila hedhi. Ndiyo kazi ya hedhi. Vidonge na vifurushi vya kuweka ukeni vinaunguza ngozi laini na kuua bakteria wazuri wanaolinda njia. Yale mabonge yanayotoka, ambayo muuzaji anakuonyesha kwenye picha na kusema ni uchafu, kwa sehemu kubwa ni utando wako mwenyewe uliobanduka. Baada ya hapo maambukizi yanapanda kwenye mirija. Umelipa fedha upate mimba, na umenunua ugumba.

Kusafishwa hospitalini baada ya mimba kutoka ni kitu kingine. Hapo mtaalamu anaondoa mabaki yaliyobaki kwa kifaa safi, na ni matibabu ya kweli. Majina yanafanana tu.

Na kama maelezo uliyopewa ni "chango" au jicho la mtu, sitabishana na imani yako. Nakuomba tu upime damu vilevile.

Dawa za kawaida za dukani je?

Diklofenaki na ibuprofeni zimehusishwa na mimba kutoka zikitumika wakati mimba inatungwa, kwa hiyo ukitafuta mimba chagua parasetamoli. Dawa ya kifafa iitwayo valproate, vidonge vikali vya chunusi vyenye isotretinoini, methotrexate ya baridi yabisi na warfarini ya kuzuia damu kuganda zinatakiwa kubadilishwa au kusimamishwa kabla ya mimba, lakini na daktari. Usiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako. Degedege nalo linaua. Krimu za kujichubua ziweke kando pia, nyingine zina zebaki.

Nachota maji kila siku. Je, ndoo inatoa mimba?

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Ule utafiti wa Denmark uliona hatari kwa wanaobeba zaidi ya kilo 20 kwa siku wakati wa mimba, na mwanamke wa kwetu anabeba hizo kabla ya saa mbili asubuhi, halafu anarudi kisimani. Si kila anayebeba hupoteza mimba, sote tumezaliwa na mama wabeba maji. Lakini kama mnapanga mimba, huu ndio wakati wa kukaa na baba wa nyumba na kupanga nani atachota, ama mnunue madumu ya lita 10. Usisubiri damu itoke ndipo mjadili. Zamu za usiku nazo, mbili au zaidi kwa wiki, omba zipunguzwe kama kazini panaruhusu.

Je, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, tendo la ndoa, bodaboda, au kushtuka hutoa mimba?

Uzazi wa mpango hausababishi mimba ya baadaye kutoka. Sindano ya miezi mitatu inaweza tu kuchelewesha kushika mimba kwa miezi kadhaa. Tendo la ndoa halitoi mimba iliyo salama. Bodaboda hatari yake ni ajali. Kushtuka mara moja hakutoi mimba, ila kuishi na mtu anayekupiga ni hatari kwako na kwa mimba, na hilo nalo njoo uniambie, mlango tutaufunga.

Mimba imetoka mwezi uliopita. Nisubiri muda gani?

Mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2005, ulisema miezi sita. Tafiti za baadaye kutoka Scotland na Norway hazikuona madhara kwa waliowahi zaidi. Kwa hiyo kama damu imekauka, maambukizi hayapo, umepata angalau hedhi moja na moyo uko tayari, si lazima usubiri nusu mwaka. Lakini kama damu ni 9 na mume hajapimwa, basi mna kazi ya kufanya kwanza.

Nimepoteza tatu. Nimebadilisha kila kitu.

Basi si suala la mtindo wa maisha, na asikwambie mtu uongeze bidii. Kwa mimba mbili au tatu zilizotoka unastahili kuonana na daktari bingwa: umbo la kizazi, mlango wa kizazi unaolegea mapema, homoni za tezi, kundi la damu, na tatizo la kinga linalofanya damu igande kwenye kondo, ambalo hutibiwa kwa aspirini kidogo na sindano za heparini. Wanawake wengi waliopoteza mimba mara kadhaa huja kuzaa.

Naweza kweli kuja kliniki nikiwa sina mimba? Dirishani nitasema nini?

Unaweza. Baadhi ya vipimo huenda ukalipia, na huenda ukaambiwa urudi ukiwa na mimba, kwa sababu hata sisi wahudumu tumezoea hivyo. Usiondoke. Sema hivi: "Sijashika mimba, nataka kujiandaa. Naomba nipimwe wingi wa damu, kaswende, VVU, sukari, presha na uzito, na nipewe vidonge vya foliki. Mume wangu yuko nje, naomba naye aitwe."